Anayewaomba watu wapite katikati ya tope

Saa mbili asubuhi Ausma Vītoliņa anaingia kwenye tope hadi nusu ya buti, anasimama, anacheka peke yake. Angeweza kupita pembeni, penye nyasi kavu. Hapiti. Kwa miaka kumi na tisa ametunza kijia hiki cha kilomita nne kando ya mto, kaskazini mwa Latvia, na kila mwisho wa baridi hupita katikati.

"Sikia huo mlio," anasema akichomoa mguu. "Miezi mitano tumetembea juu ya barafu kwa woga. Sasa ardhi inakushika mguu. Raha iliyoje!"

Ni mwisho wa Machi. Theluji imeyeyuka, udongo wa chini bado umeganda, maji hayana pa kwenda. Watu wa mjini wamechoka kufungiwa ndani, wanakuja kwa mamia kila Jumamosi. Nao wanaogopa kuchafua viatu.

Hapo ndipo penye balaa. Anayekwepa tope anakanyaga ukingo, ukingo unageuka tope, anayefuata anakwepa mbali zaidi. Na pembeni ndiko yanakoota maua ya buluu, ya kwanza kuchanua baada ya baridi, yaleyale wanayoyafuata.

Ausma ananyoosha kamba ya kupimia. Miaka miwili iliyopita kijia kilikuwa na upana wa nusu mita. Leo ni mita nne na robo. Ofisi ya misitu imeshasema: kikizidi mita nne kabla ya Pasaka, kitafungwa kila mwaka kuanzia Machi hadi Mei.

Kijana na mchumba wake wanatokea, viatu vyeupe, wakielekea pembeni.

"Katikati, mwanangu! Katikati!"

"Utanifulia viatu, mama?"

"Vivue uniachie, nitafua."

Msichana anaangua kicheko, kijana anaona haya, lakini wameshapita juu ya maua. Mbele kidogo wanachuchumaa kupiga picha ua moja lililosalia.

Saa sita Ausma anakaa kwenye gogo na Guntis, fundi wa madaraja ya mbao, wakila mkate mweusi na kitunguu pamoja na mwandishi wa makala haya.

"Andika mita tatu na sentimita themanini, dada," Guntis anamshawishi. "Nani atakuja kupima?"

"Mimi nimepima."

"Basi mwambie mwandishi huyu habari ya matawi."

"Wewe mdomo wako!"

Anaieleza, polepole. Miaka miwili iliyopita jirani yake, Bi Skaidrīte, mwenye miaka themanini na mmoja, alitamani kuyaona maua hayo tena. Magoti yake yasingeliweza tope. Ausma akakata matawi ya misonobari, akayatandika pembeni, bibi akapita akimshika mkono. Aliyaona maua, akalia kwa furaha.

"Nikasema matawi nitayaondoa kesho. Sikuyaondoa. Kufika Jumapili kila mtu alikuwa anapita pale. Yalipozama, wakasogea pembeni zaidi. Mimi ndiye niliyewafundisha kukwepa."

Guntis anamwambia asijitese, alimtendea wema mzee wa watu. Ausma hawalaumu wale vijana hata kidogo. Anajilaumu yeye, na uchungu huo umemkaa usoni.

Kwenye daftari anaandika: mita nne na robo.

Kibao cha kutangaza kwamba kijia kimefungwa atakipigilia mwenyewe Jumatatu. Mshahara wake wa euro mia saba na arobaini kwa mwezi hautaguswa. Atahamishiwa kufyeka nyasi kando ya barabara ya lami, penye malori.

"Maua haya yakishakanyagwa, kurudi kwake ni miaka kumi," anasema. "Nitakuwa na sabini na mmoja. Nataka niyaone, ndiyo mpango wangu."

"Lakini wewe utakuwa unaingia," anasema Guntis. "Ufunguo wa geti la kijia si unao wewe? Asubuhi mapema, peke yako, katikati kama kawaida. Utamuumiza nani?"

Ausma anafunga daftari.

"Siingii," anasema. "Mguu wangu nao ni mguu."