Kanga kwenye Tundu la Moshi

Uvumilivu wangu uliisha pale mwenye karavani alipoinua kanga yangu, imejaa masizi, akacheka. "Huu ndio ugonjwa wa hita yako." Nilikuwa na mtoto wa wiki tatu kifuani. Nilimfokea mpaka mtoto akaamka.

Tulikuwa tumelipanga gari hilo lenye vitanda na jiko ndani, limeegeshwa nyuma ya gereji huko Barking, ughaibuni, tukisubiri nyumba ya halmashauri. Januari, baridi ya kukata masikio. Hita ya gesi ikawa na tabia moja: feni inazunguka, tik-tik-tik, moto unashika, unazima. Siku tano nampigia simu mwenye gari.

"Gesi imeisha."

Nikawasha jiko, chai ikachemka.

"Basi betri."

Mume wangu akabadilisha betri. Vile vile.

"Bonyeza kwa muda mrefu, mpenzi."

Mpenzi wa nani?

Na kweli, tuliiziba sisi wenyewe. Shangazi alipiga simu kutoka Tanga: "Mwanangu, arobaini yako haijaisha. Upepo usikuguse wewe na mtoto. Zibeni kila tundu." Mume wangu akazunguka nje, akakuta tundu la duara ubavuni mwa gari, akasokomeza humo kanga yangu. Akarudi anajisifu. Nami nikampa chai!

Kanga ilipotoka, moto ulishika ukabaki. Lakini nikamuuliza yule bwana: tundu likizibwa, moshi unakwenda wapi?

"Humo ndani," akasema, kama anazungumzia mvua.

"Na kengele ya kuonya moshi wa sumu?"

Akatazama matundu mawili ya skrubu ukutani. "Niliing'oa. Ilikuwa inapiga kelele."

Jioni ile ile nikaandika barua ya malalamiko kwa halmashauri. Mume wangu akasoma begani kwangu. "Mke wangu, hiyo ya kanga itoe, watatucheka."

"Wacheke. Inabaki."

Kesho yake nikaipeleka mwenyewe kaunta ya halmashauri, mtoto kifuani, wakaigonga muhuri:

"Tundu la moshi tuliliziba sisi kwa kanga, kwa kutojua. Mwenye gari hakutuonyesha kitu, na kwa siku tano hakuja kutazama. Kengele ya moshi wa sumu aliing'oa kwa sababu ilikuwa inalia. Nina mtoto mchanga anayelala futi tatu kutoka kwenye hita hiyo. Naomba mje muikague, arudishe kengele, na asimpangishe mtu mwingine kabla ya hapo. Nataka jibu la maandishi."