Mtu wa Tano wa Kemia

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya kujiandikisha kwa mtihani wa kidato cha nne, shemeji yangu alitaja somo lake la nane mbele ya naibu mkuu wa shule moja ya Arua, na somo hilo halikuwa Kemia. Saa naijua kwa sababu ilikuwa ukutani, na niliitazama ili nisimtazame yeye.

Alisema, "Biashara."

Kwa mtu asiyejua mambo yetu ya wakati ule, hilo ni neno dogo. Mimi lilinifungia chuo cha waganga wasaidizi, na sijaingia humo mpaka leo.

Vita vya mwaka wa sabini na tisa vilinikuta niko kidato cha pili. Baba yangu alikuwa askari wa serikali iliyoangushwa, na familia za askari wa Koboko hazikungoja kuulizwa maswali. Tulivuka mpaka tukaingia Zaire. Huko nilipata kazi ya kuchemsha sindano na kuosha mabakuli katika zahanati ya wakimbizi, na hapo ndipo nilipomwona mganga msaidizi akifanya kazi yake: mtu asiye daktari, lakini anampima mgonjwa, anafikiri, kisha anaandika dawa kwa mkono wake mwenyewe. Nikataka kuwa yeye. Niliporudi Koboko nilikuwa na mke na mtoto, na kidato changu bado kilikuwa cha pili.

Sikuwa na mwalimu wa kuniambia nichukue masomo gani, kwa hiyo nilianza na mlango niliotaka kuingia, nikarudi nyuma. Nilikwenda Arua nikauliza chuo kinataka nini. Kilitaka mtu awe amefaulu Kiingereza, Hisabati, Baiolojia, Fizikia na Kemia, yote kwa pamoja. Cheti chenyewe kilitaka masomo nane. Matano nilikuwa nimekwisha chaguliwa na chuo; yaliyobaki niliyachagua kwa kipimo kimoja, kwamba niweze kujifunza bila mwalimu. Nikaweka Historia, Jiografia na Kilimo. Historia na Jiografia ni kusoma tu. Kilimo nilikuwa nakifanya kwa jembe tangu utoto.

Kilichobaki ni mahali pa kufanyia mtihani. Shule ile ya Arua ilipokea watahiniwa wa nje, lakini majaribio ya sayansi yalikuwa na masharti yake. Vyombo vya Fizikia haviishi vikitumiwa, kwa hiyo tulikaribishwa. Kwa Baiolojia tuliambiwa tuje na vyura wetu. Kemia ilikuwa tofauti, kwa sababu asidi ikitumiwa imekwisha. Shule ikasema watu wa nje wanaotaka Kemia wawe watano au zaidi. Wakipungua watano, hakuna atakayefanya.

Nikakusanya watu watano. Wa kwanza nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa mama mmoja mhudumu wa wodi, mjane wa askari, aliyetaka unesi. Wa tatu, kijana mkimbizi kutoka Sudan aliyekuwa akiuza chumvi na sabuni sokoni Koboko. Wa nne, dereva wa lori aliyetaka cheti tu na hakujali kimeandikwa masomo gani. Wa tano alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, na ndiye niliyempenda kuliko wote. Alikuwa mchangamfu. Akiingia mahali, watu walisogea kumpa nafasi kabla hajaomba.

Tulisomea katika stoo ya tumbaku ya baba yake, nyuma ya soko, kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri. Mimi nilikuwa nimekwisha kukisoma kitabu cha Kemia peke yangu, ukurasa kwa ukurasa, kwa hiyo nilifundisha. Kemia ilitangulia. Wengine wakiondoka, mimi na shemeji tulibaki na Hisabati, ambayo ilimsumbua sana. Hesabu za asilimia na riba alizirudia mpaka jasho likamtoka.

Vifaa hatukuwa navyo, tukatumia vya nyumbani. Maua mekundu ya uani tuliyachemsha, maji yake yakawa ya kupimia, maana hugeuka rangi yakikutana na asidi. Asidi yetu ilikuwa ndimu. Kwa upande wa pili, ulio kinyume cha asidi, tulichuja maji ya majivu, yale ambayo wanawake wa kwetu hulainishia mboga. Mahali pa bomba la kioo la maabara nilitumia sindano ya hospitali bila ncha yake, nikahesabu alama zilizochorwa ubavuni.

"Haya maji mimi napikia majani ya kunde kila siku," mama wa wodi alisema. "Leo nasikia iko Kemia?"

"Mama, wewe iko profesa," shemeji alimjibu. "Sisi wengine iko wa kula tu."

Dereva akanusa bakuli. "Na mutu akikunywa?"

"Kunywa wewe. Sisi tutaandika matokeo."

Tulicheka mpaka baba yake akagonga ukuta. Lakini shemeji ndiye aliyekuwa amebaki na jicho lake kwenye bakuli. Aliniuliza, "Matone yote yale hapana fanya kitu. Sasa hii moja, kwa nini nageuza rangi yote?" Hilo ndilo swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika kufundisha kwangu, na nilikaa nalo wiki nzima kwa furaha. Hakuna aliyekuwa na akili ya Kemia kama yeye. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi.

Siku moja alikuja mwalimu wa shule ya msingi kutoka Manibe, karibu na Arua. Alikuwa amesikia habari zetu, na yeye pia alitaka Kemia. Aliomba kuingia katika kikundi. Kabla sijajibu, shemeji alimjibu kwa niaba yangu.

"Mwalimu, gari imejaa. Watu tano natosha. Ukiongeza ya sita, hii mutu yetu atachoka." Akaniwekea mkono begani.

Nilidhani ananihurumia. Mwalimu akashukuru kwa adabu, akapanda lori la jioni kurudi kwao.

Siku ya kujiandikisha tulifika Arua mapema. Mimi na shemeji tulikunywa chai pamoja karibu na soko, na chapati ilikuwa imebaki moja, akaikata akanipa nusu kubwa. Kisha tukaenda shuleni. Naibu mkuu alikaa nyuma ya meza ndani ya maabara. Alituita mmoja mmoja tutaje masomo kwa sauti, yeye akaandika. Mama wa wodi alitaja yake. Kijana wa Sudan, dereva, kisha mimi. Wote wanne tulisema Kemia. Shemeji akawa wa mwisho, akataja saba, na la nane likawa lile.

Naibu mkuu aliinua kalamu. Naye alikuwa mtu wa huku huku, akituona watu wazima aliacha Kiingereza.

"Na Kemia?"

"Kemia hapana, mzee."

"Basi iko watu nne. Nne hapana tosha. Kemia ya watu wa nje nafuta."

"Ngoja, mwalimu," mama wa wodi alisema upesi. "Huyu anacheza. Yeye napenda kucheka." Akamshika shemeji mkono wa shati. "Wewe, sema vizuri. Hapa hapana stoo ya baba yako."

"Mama, mimi nimesema."

Tukatoka barazani. Dereva na kijana wa Sudan walisimama kando kidogo, kama watu wanaosubiri mabishano ya ndugu yaishe.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Shemeji, usikasirike."

"Nimeuliza tangu lini."

"Mjomba wangu iko Vurra, forodha. Alisema wanataka makarani. Wanataka Hisabati, Kiingereza na Biashara. Sasa Kemia itafanya nini Vurra? Mimi nitapima malori kwa ndimu?"

Dereva alicheka, kisha akakumbuka, akageukia barabarani.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeacha kunifundisha Hisabati."

Hakusema kwa aibu wala kwa kiburi. Alisema kama mtu anayeeleza bei ya kitu sokoni. Sentensi hiyo nimeichambua kuliko sentensi yoyote ya kitabu. Ndani yake kuna jambo moja la kweli, kwamba aliihitaji Hisabati. Lingine si kweli. Nisingeacha. Alikuwa mume wa dada yangu, na Jumamosi yangu ilikuwa yake hata bila Kemia. Angeniambia, ningemfundisha riba na asilimia na nikaenda kutafuta mtu mwingine wa tano. Kwa wiki nyingi alikaa mbele yangu akiuliza maswali mazuri juu ya somo ambalo alikuwa amekwisha liacha, ili nisishtuke.

Nilirudi ndani nikamuuliza naibu mkuu majina yanaondoka lini. Akasema kesho mchana yanapelekwa Kampala. Nikakodi baiskeli nikaenda Manibe. Mwalimu nilimkuta nyumbani kwake akitengeneza mpini wa jembe. Alinikaribisha, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Si mlisema gari imejaa?" aliuliza.

"Tulisema."

"Basi mimi nilitafuta gari ingine. Nimejiandikisha tayari kule kwa wamisionari, masomo yote ya kusoma tu. Kemia kwao hapana." Akaendelea kuchonga. "Niliitaka sana, ndugu yangu. Lakini mutu atafanya nini?"

Nilimwomba radhi. Alinisindikiza mpaka barabarani, na hilo lilinifanya nijisikie vibaya zaidi kuliko kama angenifukuza.

Kesho yake naibu mkuu alinitaka nitaje somo badala ya Kemia, maana yakiwa saba hakuna cheti. Nikasema Dini.

"Dini gani?"

"Ya Kiislamu."

Akaandika. Nilifanya mitihani yote minane na nilifaulu yote, Dini vizuri kuliko mengine. Cheti nilikipeleka chuoni, na karani alikisoma kwa kidole kutoka juu mpaka chini, akakisoma tena, kisha akaniuliza Kemia iko wapi. Mwaka uliofuata nilijaribu kukusanya watu upya. Mama wa wodi alikuwa amehamishiwa mbali, kijana wa Sudan alikuwa ameondoka na watu wake, dereva alikuwa na cheti chake na hakutaka kingine. Kwenda kukaa mji mwingine wenye maabara sikuweza. Njia haikuwa salama, na nyumbani walikuwa wamefika watoto watatu.

Habari ya mwisho nilipewa na dada yangu bila yeye kujua anachonipa. Tulikuwa tunazungumza juu ya mtoto wake wa kwanza, akataja arobaini ya mtoto huyo, sherehe ya siku ya arobaini tangu azaliwe, na jinsi mjomba wa Vurra alivyokuja na kitambaa na habari ya kazi ya forodha.

"Habari ya kazi alileta siku ile ya arobaini?" nilimuuliza.

"Siku hiyo hiyo. Walizungumza nje mpaka chakula kikapoa. Kwani kaka, hukujua? Mimi nilidhani unajua."

Arobaini ile nilihudhuria, nilikula pilau yake. Mwalimu wa Manibe alikuja baada yake. Kwa hiyo shemeji alipomwambia kwamba gari imejaa, yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kushuka. Mtu wa sita angepunguza muda wake wa Hisabati, ndiyo sababu. Nimetafuta sababu nyingine kwa miaka mingi, nzuri au mbaya, sikuipata.

Alipata kazi ya Vurra. Hisabati alifaulu vizuri. Nikipita kwenda Aru, ng'ambo ya mpaka, ananiita kwa sauti, "Shemeji!", ananitoa katika foleni na kunipitisha mbele ya malori, na mimi namwitikia. Idd tunakula sinia moja. Watoto wake wananiita mjomba, na mkubwa wao nimemfundisha Hisabati. Neno Kemia halijatamkwa kati yetu tangu barazani pale.

Kitabu changu cha Kemia nilikirudia mpaka mwisho, kisha nikanunua cha kidato cha tano na cha sita nikavimaliza pia. Nauza dawa za mifugo Koboko, katika duka ambalo leseni yake ina jina la mtu mwenye cheti kinachotakiwa. Mgonjwa wa binadamu sijampima hata mmoja.

Kuna hesabu ndogo ambayo sikuitaja. Kabla ya kujiandikisha, shule ilitaka kila mtu wa Kemia alipie asidi na chumvi mapema, shilingi elfu kumi na mbili. Tulipofutwa hawakurudisha kitu, walisema sharti ni watu watano, si pesa ya watu watano, na dawa za maabara zimekwisha nunuliwa, na wanafunzi wao wakazitumia. Kulipa kulikuja mwezi ule wa arobaini, siku chache baada yake. Shemeji aliniambia mfuko wake ni mtupu kwa ajili ya sherehe, na mimi nikamlipia sehemu yake pamoja na yangu. Alipokea risiti, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema ahsante. Jumla niliyopoteza ni shilingi elfu ishirini na nne.