Usimmalizie Njeru Neno

Nilipokuwa mtoto, kwetu Embu, hakuna aliyethubutu kummalizia mdogo wangu Njeru neno. Alikuwa na kigugumizi, na nyanya yetu, ambaye tulimwita cucu, alitufundisha kwamba ukimkatiza mwenye kigugumizi au kummalizia neno, kigugumizi chake kitakuhamia wewe. Basi Njeru akikwama nyumba nzima ilingoja, hata uji ukipoa.

Cucu hakuishia hapo. Alimlisha ulimi wa mbuzi uliochomwa, eti wake upate kulainika. Njeru alifurahia nyama, kigugumizi kikabaki palepale, nami nikaona wivu, maana mimi mwenye maneno mengi sikupewa hata kipande.

Hizo zilikuwa siku za Emajensi, hali ya hatari ambayo Waingereza waliitangaza kupambana na Maumau. Baba alikuwa kizuizini, nasi tulikuwa tumehamishiwa katika kijiji kilichozungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa. Kabla ya kafyu, kila aliyerudi kutoka shambani alisimama langoni akataja jina lake mbele ya homgadi, wale walinzi waliotoka miongoni mwetu wenyewe. Waliotujua walimpitisha Njeru bila kumuuliza. Jioni moja tukamkuta mlinzi mgeni, kijana wa ng'ambo ya mto.

Mimi na cucu tulitaja majina yetu tukapita. Njeru akakwama. Kijana alirudia swali, kisha akasema mtoto huyu anaficha kitu, pengine amewapelekea wapiganaji chakula msituni na kufundishwa kunyamaza. Akainua rungu. Jina la ndugu yangu lilikuwa tayari mdomoni mwangu, na kigugumizi kinihamie kama kinataka, lakini cucu alinibana bega.

Akamwambia yule kijana, kwa sauti ya kawaida tu, "Ana kigugumizi, mwanangu. Ukimkatiza sasa kitakuhamia. Mama yako hakukuambia?"

Bila shaka alikuwa ameambiwa. Rungu likashuka, na foleni nzima nyuma yetu, wanawake wenye kuni mgongoni, ikangoja huku jua likizama.

"Njeru," mdogo wangu alisema mwishowe. "Njeru wa Nyaga."

"Pita," kijana alimjibu bila kumtazama.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza cucu kama kweli kingemhamia. Aliendelea kupuliza moto.

"Sijui," akasema. "Lakini hata yeye hakujua."

Njeru alizeeka na kigugumizi chake, akatuacha miaka michache iliyopita. Juzi nilimsindikiza hospitalini mjukuu wake, aliyerithi jina lake na, maskini, kigugumizi pia. Binti anayetibu usemi wa watoto alitueleza mambo ambayo watafiti wamejifunza kuhusu kuwasaidia watoto kama yeye: kuna mazoezi, na kigugumizi hakimrukii mtu kama kiroboto. Hapo cucu angebishana naye hadi jioni. Kisha binti akasema mtoto apewe muda, na mtu yeyote asimmalizie maneno. Hapo wangekunywa uji pamoja.

Akamgeukia mtoto na kumuuliza jina lake. Mtoto akakwama. Mama yake, tuliyekuja naye, akafungua mdomo kumsaidia, na kabla sijafikiri, mkono wangu ulikuwa umembana bega.

Tukangoja, na jina la ndugu yangu likaja.