Bustani ya Marehemu

Mtaa mzima ulimwita Mama Mdogo, na hakuna aliyejua kwamba jina hilo lilimkera hadi mifupani. Lilianza kwa binti yake wa kambo, siku yeye alipoletwa kuolewa kwenye nyumba ile, naye akaitika kwa tabasamu kwa sababu bibi harusi hanuni. Kisha likashika. Muuza mkaa, majirani, walimu wa shule alikokuwa mpishi, wote Mama Mdogo. Mke mwenzake alikuwa kaburini, na bado mkubwa ni yeye.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Marehemu. Mzee, mumewe, wakati huo mpima ardhi mwenye suruali iliyonyoshwa kwa pasi, aliijenga kwa ajili yake: paa bapa kama meza, ukuta wa matofali ya matundu upande wa jua, makabati yaliyojengewa ndani ya kuta, na sebuleni vioo kutoka sakafuni hadi juu. Pazia hakutaka hata kulisikia. Alisema nyumba imechorwa hivyo ili mtu akikaa aione bustani. Na bustanini, mbele kabisa ya vile vioo, yalisimama mawaridi ya Marehemu, yaliyoletwa kutoka ng'ambo na kumwagiliwa na Mzee mwenyewe. Mama Mdogo akila, anayaona. Akifuma, anayaona. Wakigombana, mumewe anageuza uso kuyatazama, na ugomvi unaishia hapo, yeye akiwa ameshindwa na maua.

Mke mwenza aliye hai unaweza kumsema sokoni, roho ikapoa. Aliyekufa utamfanyaje? Hazeeki, haunguzi chakula, hana kosa jipya. Basi Mama Mdogo akaanza kazi. Mzee akisafiri na vyombo vyake vya kupimia, yeye anang'oa shina moja, anakata mizizi, analirudisha udongoni lifie hapo hapo. Mzee akirudi anakuta limekauka.

"Mchwa," anamwambia, ameshika kiuno kwa huruma. "Mchwa wa hapa hawana adabu."

Palipobaki shimo alipanda chochote alichokiokota kwenye pori nyuma ya jiko la shule: mishubiri, minyaa, nyasi ndefu, kichaka cha maua ya rangi ya machungwa ambacho hata mbuzi hawakigusi. Hakuchagua kwa uzuri. Alichagua mimea ambayo Marehemu asingeiruhusu kupita getini. Ila kidogo kidogo ikamwingia moyoni. Alijifunza upi unataka kivuli na upi unachukia maji, akaipanga kufuata ukuta, akaanza kuisemesha. Waridi la mwisho lilipokufa, hapakuwa tena na nafasi ya kupanda kitu.

Miaka ikaenda, ndipo akaja afisa wa mambo ya kale, mwanamke kijana mwenye kamera shingoni. Alipapasa matofali ya matundu kama mtu anayepapasa ng'ombe wa kununua. Nyumba za namna hii, alieleza, karibu zote zimebomolewa au kuvalishwa mabati na nguzo za mapambo. Hii ingelindwa kisheria na kuwekewa kibao getini. Kisha akasimama mbele ya vioo, akaitazama bustani.

"Ila mzee wangu, bustani ndiyo imenimaliza. Enzi zile kila mtu alitaka maua ya kizungu. Nani alikuwa na akili ya kupanda mimea ya kwetu, ikaendana na nyumba namna hii? Jina lake lazima likae kwenye kibao."

Mama Mdogo alikuwa anaingia na sinia la chai. Moyo ulimruka. Aliliona jina lake limechongwa, mtaa mzima ukilazimika kulisoma. Akasubiri mumewe amwoneshe kwa kidole.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Ni marehemu mke wangu," alisema. "Alikuwa na jicho la bustani yule. Kila kitu hapa ni mkono wake."

Mzee alijua fika kwamba Marehemu hakupanda hata mshubiri mmoja. Alikuwa anampa tu bustani hii, kama mtu anavyompelekea mpenzi wake zawadi. Wivu ulimpanda Mama Mdogo.

"Futa hilo, mwanangu," alisema, sinia bado mkononi. "Marehemu alipanda mawaridi. Bustani hii nimeipanda mimi."

"Na hayo mawaridi yalikwenda wapi, mama?"

Angeweza kusema mchwa. Neno lilikuwa ulimini tayari, lilishazoea njia. Lakini alitaka Mzee ajue ni nani aliyeshinda.

"Niliyang'oa."

Afisa alicheka, akidhani ni utani wa wazee. Akaandika jina la Mama Mdogo, lile alilopewa na wazazi wake, akamwomba amtajie herufi moja moja asije akalikosea. Akanywa chai, akaaga. Geti lilipofungwa, Mzee akamgeukia mkewe.

"Uliniambia ni mchwa."

"Nilikuambia."

"Nimemwaga dawa miaka yote ile. Nimepiga magoti pale."

"Nilikuona."

"Na waridi lile la njano, la pembeni?"

"Nalo pia."

Mzee alivaa kofia, akachukua fimbo yake, akatoka nje. Mama Mdogo alimtazama kupitia vioo. Alidhani sasa ndipo mumewe atakapoitazama bustani na kumwona yeye ndani yake. Mzee alipita katikati ya mishubiri bila kuiangalia. Alisimama, akagusa ardhi kwa ncha ya fimbo. Akasogea, akagusa tena. Penye mnyaa. Penye nyasi. Chini ya kile kichaka. Mama Mdogo alimfuata kwa macho, kwa maana mashimo yale ya mawaridi aliyachimba yeye na aliyajua yote, na mumewe hakuruka hata moja. Alipofika pembeni, palipokuwa na waridi lile la njano, Mzee akavua kofia.