Siku Niliyojiposa Iguguno

Haya, chekeni mmalize ndiyo nisimulie, maana aibu yenyewe nimeshaizoea.

Enzi zile simu za mkononi ndiyo zinaingia vijijini, mimi na Rehema tulikuwa tunafanya kazi duka moja la kompyuta pale Singida mjini, na kila mmoja alikuwa ameandika kifurushi chake cha programu akakiweka mtandaoni bure, atakaye achukue. Vyote vilifanya kazi moja: ukiandika saa tatu asubuhi kama tunavyosema sisi, kinaongeza sita ili kompyuta ielewe tisa. Watu wakawa wanauliza, mbona viwili? Nikataka tuviunganishe. Rehema akasema, "Tuvijaribu kwanza kaka, visije vikagombana." Nikaona ananionea wivu (kichwa kikubwa kilinisumbua), nikaviunganisha peke yangu, na jaribio la kwanza nikalifanya kwenye posa yangu mwenyewe.

Nikaiagiza programu iwatumie wazee wangu ujumbe wafike kijijini Iguguno, kwa kina Mariamu, binti niliyemtaka, Jumapili saa tatu asubuhi. Mimi nikatangulia na kreti mbili za soda niziache kwa jirani kisha nipotee, kwani muoaji haonekani siku ya posa. Saa tatu kimya, saa nne kimya, nikachungulia uani kwa kina Mariamu, nikakutana uso kwa uso na baba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wazee wako wapi?"

"Wanakuja, baba."

"Au umekuja kujiposa?"

Mashangazi wakacheka mpaka wakashikana. Nikampigia baba mkubwa, akanijibu kwa utulivu kabisa, "Si umetuandikia saa tisa alasiri? Mimi ndiyo kwanza nanyolewa." Hapo nikaelewa: kifurushi changu kiliongeza sita, cha Rehema kikaongeza sita nyingine juu yake, tatu ikawa kumi na tano, yaani saa tisa alasiri.

Nikaketishwa katikati ya ukoo mzima, nikawa najibu mwenyewe maswali wanayoulizwa washenga, kama nina mtoto nje, kama nakunywa, na Mariamu anapita na sahani hata haniangalii, nikajua nimemkosa. Wazee wangu walipofika, baba yake akawaambia, "Karibuni mle tu. Kijana ameshajibu yote, la pombe amedanganya, lakini hakukimbia. Binti tunampa."

Jumatatu nilimwomba Rehema radhi, tukaviunganisha upya pamoja, yeye akijaribu kila mstari. Na mimi tangu siku ile siunganishi kitu chochote, cha kompyuta wala cha nyumbani, bila kumuuliza kwanza mwenye nusu yake.