Maelekezo Yasiyo na Kufuli
Dada anayeandika maelekezo ya programu yetu huria ya stoo za zahanati huvua viatu kabla ya kuanza, na kila sentensi huisoma kwa sauti, kidole kikigonga meza penye nukta. Sisi mafundi wa kompyuta tulitaka maelekezo yakae kwenye tovuti ya kumeremeta, nywila tukiwa nayo sisi tu. Yeye aling'ang'ania mafaili ya maandishi matupu, yakae pamoja na programu, mtumiaji yeyote aweze kuyasahihisha. "Kizuri chajiuza," tukamtania. "Kibaya chajitembeza," akajibu, "na kinachotaka kumeremeta ni chenu." Akatushinda. Lakini miezi ikapita bila mtu kusahihisha hata herufi, nasi tukaanza kumtupia jicho la "si tulikwambia?" Leo asubuhi kompyuta yake ikalia. Muuguzi wa mbali, tusiyemjua, alikuwa ameandika: "Ndugu zangu, pale pa kuondoa dawa zilizoisha muda, mmesahau kutuambia tuhifadhi kwanza nakala ya orodha. Nimeongeza." Dada akausoma ujumbe kwa sauti, kidole kikigonga kila nukta ya mgeni. Kisha akapanda kitini, pekupeku, akapiga vigelegele mpaka majirani wa ofisi wakafungua mlango. "Nimekosolewa, jamani! Nimekosolewa!"