Mahindi Yako Umeyalaza Wapi?

Kumdhania jirani ubaya ni kosa linalopenda kujiita tahadhari. Ndilo lililonijia akilini juma lililopita, nilipoletewa habari kwamba amefariki balozi mmoja wa nyumba kumi, katika kijiji kilicho upande wa Handeni, si mbali na barabara kuu ya Kabuku. Wasomaji wa safu hii wanajua kuwa sina desturi ya kutaja majina, na la marehemu sitalitaja. Hakuwa rafiki yangu wa ndani. Alikuwa mtu wa kelele, mwepesi wa kugomba, na kila aliyempa shikamoo alijibiwa kwa swali lile lile: “Marahaba. Mahindi yako umeyalaza wapi?” Vijana walimkejeli. “Kitandani, balozi, na mto nimeyapa!” Wao walicheka, yeye hakucheka.

Nilimfahamu katika miaka ile ya kuhamia vijijini, nilipokuwa nikifundisha darasa la watu wazima pale kijijini. Kabla ya kuhama, Wazigua wa sehemu zile walijenga mbali mbali, kila kaya na uwanja wake uliofagiliwa hadi ukang'aa, na ghala la mahindi likisimama juu ya nguzo, mbali na nyumba ya kulala. Panya alilifuata ghala huko huko, na nyoka aliyemfuata panya hakuwa na haja ya kufika mlangoni. Kijiji kipya kilipimwa kwa kamba, nyumba kando ya nyumba, na waliopangwa humo hawakuwa wamechaguana. Aliyepewa kiwanja jirani na balozi alikuwa mjane wa jamii ya wafugaji, mwenye punda mmoja, mbuzi wachache na Kiswahili cha kukatakata. Balozi alilitazama ghala lake, akamtazama jirani yake, kisha akayahamishia mahindi yote chumbani, mengine chini ya kitanda, mengine kando ya ukuta. Wenzake walipoona kiongozi wao amefanya hivyo, nao wakafanya. Safu nzima ya nyumba ikawa inalala na chakula chake, kila mmoja akijikinga na mwenzake.

Panya hawakukawia. Nyuma yao wakaja nyoka: swila katika nyasi za paa, kifutu kati ya magunia. Wala hakuna aliyeuliza wamefuata nini. Ilikuwa rahisi zaidi kuuliza wametumwa na nani.

Asubuhi moja mke wa balozi aliingia chumbani kuchukua mahindi ya kutwanga, akamkanyaga kifutu, yule nyoka mnene mwenye rangi ya majani makavu ambaye hana desturi ya kumkimbia mtu. Nilifika kwa sauti ya mayowe. Mama wa watu alikuwa amelazwa mkekani uani, mguu umeshaanza kuvimba, na mtu mmoja amechutama kando yake akinoa wembe wa kumchanja. Balozi alikuwa amempa mgongo mkewe. Uso wake ulielekea nyumba ya jirani.

“Nyoka huyu hakuja kwa miguu yake!” alifoka.

“Kwani nyoka ana miguu, balozi?” aliuliza mzee mmoja.

“Usinitanie, mzee! Ametumwa! Mtoeni huyo mama aseme, kisha ahame leo hii!”

Nilisema mgonjwa apelekwe hospitali. “Mwalimu, subiri kwanza,” nilijibiwa. “Tukishamjua mtu, tutaijua na dawa.” Wanaume walikwisha kuanza kuuelekea mlango wa mjane. Lakini mlango ulifunguliwa kabla hawajaugusa, akatoka mwenyewe, akimwongoza punda wake, mgongoni pametandikwa blanketi lililokunjwa. Akapita katikati yao kana kwamba amepita katikati ya mbuzi, akamwambia mwenye wembe aache. Kisha akamgeukia balozi.

“Mimi nipo, sikimbii. Hukumu yangu itangoja. Mguu wa mama huyu haungoji.”

“Mke wangu hapandi punda wako!”

Hapo ndipo mgonjwa mwenyewe aliposema kutoka mkekani, “Nipandishe, baba. Au unangoja kunizika?”

Alipandishwa. Mjane aliongoza mbele, balozi akimshikilia mkewe asianguke, nami nikiwafuata hadi barabarani. Lori la mkonge likatuchukua hadi hospitali ya Korogwe. Mama yule alipona, ila alirudi akichechemea. Mumewe alitangulia kurudi, akaanza kutoa magunia nje kwa mikono yake. Chini ya kitanda chake mwenyewe aliokota gamba la nyoka, limekauka na kujaa vumbi. “Kumbe alikuwa mpangaji wangu wa siku nyingi,” aliniambia, akilishika kwa ncha za vidole. Akajenga upya ghala juu ya nguzo, katika uwanja ulio kati ya nyumba yake na ya mjane, akamwomba mjane alitazame wakati yeye mwenyewe yuko shambani. Majirani wakafuata, mmoja mmoja, kwa aibu.

Nimekuwa nikiwaza jambo hili bila utulivu. Tulipohimiza watu waishi pamoja, na mimi nilikuwa miongoni mwa wahimizaji, tuliona fahari kutazama safu za nyumba zilizonyooka. Bado naamini tulilolihimiza lilikuwa jema. Lakini ukaribu wa kuta haujawa ujirani, na ghala linaloachwa nje ni kipimo cha kweli zaidi kuliko mkutano wowote wa hadhara. Hata sasa, nipitapo Chanika ya Handeni au vijiji vya Korogwe, nasikia nyoka ameuawa ndani, na papo hapo linatajwa jina la mtu anayestahili kuhamishwa. Na anayelitaja ana magugu hadi dirishani na mahindi hadi mchagoni mwa kitanda.

Msibani, wasemaji walimsifu marehemu kwa kuwaondolea watu nyoka. Yule mjane hakutajwa. Alikwisha kuondoka miaka kadhaa nyuma, malisho yalipokauka, akawaswaga mbuzi wake, na hakuna aliyejua alikoelekea. Nilipokuwa nikiaga, mke wa marehemu aliniita kando.

“Mwalimu, umesikia walivyosema?”

“Nimesikia, mama.”

“Mwenyewe angewakatiza. Kila alipokisimulia kisa hiki alimtaja yule mama kwa jina, na kila mara alisema ni yeye mwenyewe aliyetaka kumfukuza. Sasa mimi nikifa, watasema nilipona tu, basi. Wewe unaandika. Mwandike.”

Nilimkumbusha desturi ya safu hii. Alinitazama, kisha akautazama mguu wake. Anayeokoa mtu mbele ya watu wanaotaka kumfukuza asiachwe apotee pamoja na vumbi la mifugo yake. Tukimsahau huyo, tutakuwa tumemfukuza kweli, kwa mara ya pili, na safari hii bila hata kelele. Kwa hiyo leo naivunja desturi yangu. Aliitwa Naserian.